Harusi imevunjika, zawadi ziko ndani na nyingine nimeshazitumia. Nirudishe zipi?

Taa ya Korido (mleta mada)

Habari zenu wana jukwaa. Naomba ushauri, na kama itawezekana tusiingie kwenye sababu za kuachana, maana hizo nimeshazimaliza na wanaohusika.

Mimi na mwenzangu tumekubaliana kwamba ndoa haitafungwa. Hatujagombana wala kurushiana maneno, tumeona tu kwamba hatufiki. Shida ni kwamba kadi zilishatoka, kichen pati ilishafanyika, na kuna watu waliojua hawataweza kuhudhuria siku yenyewe wakaona watangulize zawadi. Kwa hiyo chumba changu kimejaa maboksi, hata kabati halifunguki vizuri.

Mengine sijayagusa kabisa: seti ya sahani, pasi, mashuka bado yako kwenye plastiki. Mengine niliyafungua na kuanza kutumia. Birika la umeme nachemshia chai kila asubuhi. Blanketi zito nimeshalifua. Kwenye seti ya sufuria, ile ndogo imeungua chini, mdogo wangu aliiacha jikoni akaenda kuongea na simu. Kuna ubao wa kukatia mboga wenye majina yetu wawili yaliyochomwa kwenye mti, na tarehe ya harusi chini yake. Kuna pesa walizochanga wenzangu wa kazini, zikakusanywa na dada mmoja ndipo akanitumia. Halafu kuna cherehani ya umeme. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi. Aliitoa shangazi yake mwenzangu, akaileta mwenyewe, akaniambia mbele ya watu: "Hii ni yako wewe, siyo ya huyu mwanangu."

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anasema zawadi ikishapokelewa imepokelewa, kuirudisha ni kumtukana aliyetoa. Mama mdogo anasema nirudishe mpaka uma wa mwisho, tena wiki hii hii. Mwenzangu anapendekeza tugawane: vya upande wake achukue yeye, vya kwetu nibaki navyo mimi. Dada yangu anataka niviuze, nilipie hasara ya ukumbi.

Nimsikilize nani? Na hivi vilivyotumika vinarudishwaje bila aibu? Naomba kuwasilisha.

Kijana wa Zamani

Pole sana dada. Mimi niko na mama. Zawadi hairudi. Hata Mtume (s.a.w.) amemfananisha mtu anayeirudia zawadi yake na mbwa anayerudia matapishi yake. Kwa hiyo waliotoa hawawezi kuja kudai, na kama hakuna anayedai, wewe unarudisha nini? Ukianza kuzunguka na maboksi nyumba kwa nyumba unawakumbusha watu jambo ambalo wangelisahau. Kaa navyo. Utaolewa tu, na vitatumika.

Mama Kaunta

Kijana wa Zamani, hadithi uliyoileta ni sahihi, ila umeielekeza kwa mtu ambaye siye. Inamhusu mtoaji anayekwenda kudai alichokwisha kutoa. Huyu binti hadaiwi na mtu. Yeye ni mpokeaji, na mpokeaji kurudisha kwa hiari yake hakujakatazwa hapo.

Mdogo wangu, pole. Mimi nimeuza vyombo vya nyumbani tangu ujana mpaka mvi zimeota, na wateja wangu wengi ni watu wanaotafuta zawadi za harusi. Nawaona wakija kununua, na baadaye nawaona waliopewa wakija kubadilisha. Wengine wanakuja wakiwa kwenye hali kama yako, wananong'ona kama wameiba. Nitakwambia ninachowaambia wao.

Zawadi ya siku ya kuzaliwa haina wasiwasi, umeshazaliwa, hakuna wa kuahirisha. Zawadi ya harusi mtu anaitoa kwa ajili ya nyumba anayoamini inakuja. Nyumba isipokuja, kitu kinarudi kwa aliyekitoa, hata kama hajafungua mdomo. Na hilo linahusu vya kichen pati pia. Najua watu wanapenda kutenganisha, eti vya kichen pati ni vya bibi harusi mwenyewe. Jiulize: huyu mtu angeninunulia seti ya sufuria mwezi ule kama nisingekuwa naolewa? Kama jibu ni hapana, inarudi. Rafiki yako wa siku zote aliyekuletea kanga au kitabu kwa sababu anakupenda, hicho kiache.

Ndoa ikishafungwa mambo yanageuka. Hata mkiachana mwezi unaofuata, wageni hawarudishiwi kitu, vitu vimeshakuwa vyenu na mtagombana navyo wenyewe. Mchumba akifariki kabla ya harusi, sijaona mtu mwenye akili timamu anayengoja birika lake. Aliyefiwa akitaka kurudisha ni hiari yake, akibaki navyo hakuna wa kumnyooshea kidole. Na harusi iliyoahirishwa siyo iliyovunjika: maboksi yanafungwa, yanakaa, watu wanapewa tarehe mpya ikipatikana. Wewe umesema imevunjika, basi.

Maboksi ambayo hayajafunguliwa hayana mjadala. Yarudishe kama yalivyo, na ukikuta risiti ndani usiitoe. Tena usichelewe. Watu wengi hawajui kwamba haki ya kurudisha bidhaa dukani mara nyingi ni ya mnunuzi, siyo ya aliyezawadiwa. Kule kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, aliyenunua kwa mtandao ana siku 14 tangu mzigo ufike za kubadili mawazo bila kuulizwa sababu. Kwingine duka ndilo linalojiwekea muda wake. Kila wiki unayokaa na boksi la mtu ukisubiri moyo utulie, unamlia muda wake.

Sasa birika. Nikueleze ninavyoliona likiletwa kaunta, ili usije ukajidanganya kwamba utalisugua na kulirudisha kwenye boksi. Kwanza nafungua mfuniko na kunusa. Jipya lina harufu ya kiwandani, ya plastiki na mafuta ya mashine. Lililotumika halina harufu au linanuka maji. Chini kunakuwa na utando mweupe wa chokaa. Utauondoa kwa siki, sawa, lakini pale maji yanapoishia kunabaki mstari, chuma kimebadilika rangi kidogo. Kisha naangalia waya. Kiwandani waya unakunjwa kwa mashine, ukishaunyoosha mara moja hukunji tena ukalala vile vile, na kile kiwaya chembamba cha kuufungia huwa kimeshapotea siku ya kwanza. Sihitaji kumuuliza mtu. Na aliyekupa hahitaji kuwa muuza duka ili alione hilo.

Kwa hiyo birika, blanketi na sufuria usirudishe vyenyewe. Nunua vingine vya aina ile ile, au vinavyolingana, au mpe mtu pesa yake. Seti iliyoungua sufuria moja imetumika yote, usimpelekee mtu seti yenye pengo. Kama sasa hivi mfuko umekauka, mwambie wazi kwamba umekitumia na unaomba muda. Wengi watakwambia achana nacho. Wakisema hivyo, shukuru, yaishe. Kuna watu wanabembeleza kurudisha mpaka mtoaji ndiye anaanza kuwafariji. Ukikataliwa mara moja, umekataliwa.

Ubao wa majina hauna pa kwenda. Hakuna duka litakaloupokea, na aliyeuagiza hawezi kumpa mtu mwingine labda atafute maharusi wenye majina yenu na tarehe yenu. Lakini utaje kwenye mazungumzo. Mwambie aliyekupa kwamba upo, na umuulize angependa ufanyeje. Mara nyingi watu wanacheka na kusema kakatie vitunguu upande wa pili. Kibaya ni kuutupa kimya kimya, halafu siku moja akauliza.

Pesa za kazini zirudi kamili kwa yule dada aliyezikusanya, na makato ya kutuma ulipe wewe. Usianze kumrudishia mmoja mmoja. Yeye ndiye mwenye orodha ya nani alitoa ngapi, wewe huna, na ni vizuri usiwe nayo, mtaendelea kufanya kazi ofisi moja. Kama ukumbi ulishazila, hilo ni deni lako na mwenzako. Kile kisingizio cha "zilikuwa za harusi na zimetumika kwenye harusi" nimekisikia sana. Kingesimama kama wachangaji wangekuwa wamecheza hiyo harusi. Na dada yako mwambie hivyo hivyo kuhusu kuuza vitu: huwezi kulipia hasara yako kwa sahani za watu.

Cherehani. Hapa mama na mama mdogo wote naona wamekwenda haraka. Maneno ya shangazi yana uzito, lakini aliyasema akiamini unaingia kwenye ukoo wao. Mpe nafasi ya kuyasema tena akiwa anajua ukweli. Usimpitishie mwenzako, na usimtumie ujumbe. Mpigie au nenda. Mwambie: shangazi, cherehani yako ipo, nzima, nataka kuirudisha. Halafu nyamaza, usijaze ukimya. Akisema baki nayo, basi ni yako na hakuna atakayekuuliza tena. Akisita hata kidogo, akasema "mh, utaona mwenyewe", irudishe kesho yake.

Na huyo mwenzako anayetaka mgawane, mwambie vitu siyo vyenu. Akitaka usawa, mgawane kazi: vya upande wake avipeleke yeye, kwa mikono yake, kwa watu wake.

Habari zenyewe zipeleke kwa maneno machache. "Shikamoo mama mkubwa. Harusi yetu haitakuwepo, tumekubaliana hivyo wote wawili. Zawadi uliyonipa iko salama, naomba nikuletee Jumamosi. Nakushukuru sana kwa moyo wako." Umemaliza. Ukiongeza mstari wa tano ndio ule utakaosomwa kwa sauti sebuleni kwao.

Mke wa Fundi

Mama Kaunta, niingilie kidogo. Huyu dada watu wanaweza kumlaumu kwamba alifungua mapema. Sisi tulipooana tuliambiwa tusiguse kitu mpaka baada ya harusi, tukatii. Kufungua blenda miezi kadhaa baadaye, motor imekufa, inanguruma tu haizunguki. Dukani wakasema muda wa kubadilisha umepita, na dhamana inahesabiwa tangu siku iliyonunuliwa, siyo siku tuliyofungua boksi. Tukashindwa hata kumwambia aliyetupa. Kwa hiyo mtu afanyeje? Akifungua lawama, asipofungua hasara.

Mama Kaunta

Mke wa Fundi, umesema jambo ambalo natamani ningelibandika mlangoni. Kufungua na kujaribu siyo kutumia. Kitu cha umeme kikifika, fungua boksi bila kuchana, chomeka, washa, sikiliza, zima, rudisha kila kitu mahali pake pamoja na ile karatasi ya dhamana. Birika lijaribu kwa maji mara moja, limwage, liache wazi likauke kabisa kabla hujalifunga. Glasi na sahani zihesabu na uzipitishe kidole ukingoni, ufa wa glasi unausikia kabla hujauona. Hayo unayafanya siku ile ile, halafu unafunga na kungoja harusi.

Ukikuta kimevunjika, usimpigie aliyekupa moja kwa moja. Kwanza angalia kama boksi lina jina la duka au risiti, maduka mengi yanabadilisha kilichofika kibovu bila mtoaji kujua. Kama alikituma kwa msafirishaji, hapo lazima umwambie, kwa sababu huenda mzigo ulikuwa na bima na yeye ndiye anayeweza kudai.

Na wale mliopata pasi tatu, badilisheni. Sizungumzii maharusi waliovunja, nazungumzia mliofunga ndoa. Kubadilisha zawadi mliyopata mara mbili hakuna ubaya wowote, ila mtoaji asisikie kutoka kwenu, na kwenye shukrani mtaje kile alicholeta, siyo kile mlichokichukua badala yake. Kama aliyetoa ni mtu anayeingia nyumbani kwenu kila wiki, mimi ningemwambia tu. Atatafuta pasi yake kwa macho.

Halafu, wanaomgawia mtu mwingine zawadi waliyopewa, naombeni mfungue boksi. Mfungue! Nimeletewa dukani seti ya vikombe, mama mmoja anataka kubadilisha, amepewa kwenye harusi yake. Nainua kikombe cha chini, nakuta bahasha. Ndani kuna kadi ya pongezi kwa maharusi wengine kabisa. Yule mama aliisoma, akairudisha ndani, akaondoka na vikombe vyake bila kubadilisha. Sijui alivipeleka wapi.

Taa ya Korido

Asanteni sana wote, Mama Kaunta Mungu akubariki. Nimeshaanza. Mashuka, sahani na pasi nimeviandikia majina juu ya boksi. Mwenzangu amekubali kupeleka vya upande wake, ingawa alinuna.

Nina swali nililolisahau. Pete ya uchumba iko kwenye droo. Hajaidai. Rafiki yangu anasema kwa kuwa tumekubaliana wote, hakuna mwenye kosa, kwa hiyo ni yangu. Mwingine anasema aliyetamka kwanza ndiye anayeikosa, na aliyetamka kwanza ni mimi.

Wakili Mstaafu

Binti, nimefuatilia uzi huu kimya kimya. Kuhusu zawadi za wageni sina la kuongeza, na mambo ya sahani na mashuka ni nadra sana kufika mahakamani. Yanaamuliwa kwa heshima za watu. Pete ni habari nyingine, kwa sababu ni zawadi ya wachumba wenyewe, na hiyo watu wameishitakiana tangu zamani.

Alichosema Mama Kaunta kuhusu zawadi na nyumba inayokuja ni wazo la kale. Mwaka 336 Konstantino, mtawala wa Roma, aliweka sheria kuhusu zawadi za wachumba ambao mmoja wao amefariki kabla ya ndoa. Kama walikuwa wameshabusiana kwenye uchumba wao, nusu ya zawadi alizotoa mwanamume ilibaki kwa aliye hai na nusu ikaenda kwa warithi wa marehemu. Kama hakukuwa na busu, zawadi yote ilitenguka, ikarudi. Nani alishuhudia hilo busu, ni swali ambalo nisingependa kuwa wakili wake.

Leo kila nchi ina njia yake. Sheria ya Madai ya Ufaransa, kifungu cha 1088, inasema zawadi iliyotolewa kwa ajili ya ndoa inakufa ndoa isipofungwa. Ujerumani, kifungu cha 1301 cha sheria yao, kila mchumba anaweza kumdai mwenzake alichompa kama zawadi au alama ya uchumba, isipokuwa kwa kawaida pale uchumba ulipokatishwa na kifo. Uingereza wamekwenda kinyume: kwa sheria ya mwaka 1970, pete ya uchumba inahesabiwa ni zawadi kamili, abaki nayo aliyepewa, mpaka aliyetoa athibitishe kwamba aliitoa kwa sharti la kurudishwa.

Marekani hata majimbo hayafanani. Montana, mwaka 2002, mahakama ya juu ilisema pete ikishatolewa imetolewa. Massachusetts kwa miaka mingi walikuwa wakiuliza nani mwenye kosa, kama rafiki yako wa pili anavyouliza. Mwaka 2024 mahakama yao ya juu iliachana na swali hilo: ndoa isipofungwa pete inarudi kwa aliyetoa, bila kujali nani alivunja. Nadhani walichoka kusikiliza. Ukikaa kwenye kiti kile ukaulizwa nani alianza, ni lazima usikilize mpaka habari za nani hakumsalimia mama wa nani.

Kwa hiyo uliza sheria ya ulipo kabla hujaamini rafiki yeyote kati ya hao wawili. Ila kama unauliza mimi ningefanyaje, ningeirudisha bila kungoja kudaiwa, mbele ya mtu mmoja mzima anayeheshimika pande zote mbili, na ningemwomba aliyepokea aandike mstari mmoja kwamba amepokea. Siyo kwa sababu simwamini. Pete ni ndogo, zinapotea, na baada ya miaka mtu husahau nani aliiweka wapi. Kama ni ya bibi yao, yaani imerithiwa kwenye ukoo, hapo wala usiulize sheria, ipeleke leo.

Mama Kaunta

Wakili nakuunga mkono, hasa hilo la kuandika. Hata kwa zawadi, binti, chukua daftari. Safu moja jina la mtu, ya pili alichotoa, ya tatu umekirudishaje na lini, na kama alikataa andika alikataa. Baada ya muda mama zako watabishana kama mashuka ya mama fulani yalirudi, na wewe utafungua daftari.

Kitu kingine, shukrani. Wapo ambao ulikuwa hujawashukuru bado kwa zawadi walipoleta. Kurudisha hakufuti hilo. Washukuru, kisha rudisha, tena kwa mazungumzo yale yale.

Na usimtume mtoto. Mtoto akifika na boksi mlangoni ataulizwa maswali yote ambayo wewe umekataa kuyajibu, na atayajibu vizuri kabisa.

Taa ya Korido

Hilo la mtoto nimelicheka, nilikuwa nimeshampanga mdogo wangu, yule yule wa sufuria.

Nimempigia shangazi jana jioni. Nilisema kama ulivyonielekeza, nikanyamaza. Akanyamaza na yeye, nikafikiri simu imekatika. Halafu akauliza kama nimeshabadilisha sindano, kwa sababu ile ya kiwandani ni nyembamba, haifai kitambaa kizito. Nikamwambia sijaifungua. Akasema basi niifungue, hana mtu mwingine anayejua kushona, na wajukuu zake wanamaliza sare kila muhula. Nimekubali kushona. Nimeandika kwenye daftari: alikataa.

Pete nimempa baba yake mwenzangu, mbele ya mjomba wangu. Ameandika. Pesa za kazini nusu nimerudisha, nusu mwezi ujao, na yule dada aliyekusanya ameshawaambia wenzake. Wawili wamesema nibaki na zao. Nimeshukuru mara moja tu.

Kijana wa Zamani

Haya, nimesoma yote, mmenishinda kwa hoja. Sasa niulize, Mama Kaunta. Kaka yangu harusi yake ilivunjika zamani kidogo, akanipa mimi pasi ya mvuke aliyokuwa ameletewa. Ninayo mpaka leo, na inafanya kazi. Yeye ameshaoa mwingine. Nairudisha kwa nani?

Mama Kaunta

Kwa kaka yako hairudi, haikuwa yake kukupa. Muulize nani aliinunua, yeye mwenyewe ndiye aende akamwambie. Akikumbuka na mtoaji akaitaka, nunueni mpya, hiyo yako imeshaona mashati mengi. Na kama hakumbuki kabisa, endelea kupiga pasi, ila maji umwage kila ukimaliza. Yakikaa ndani yanatoboa sahani ya chini, na sitaki uje kwangu kubadilisha.